Mwendo wa Saa Kumi na Nusu

Nyumba Na. 14, mlango wa nyuma,
Mtaa wa Posta ya Zamani,
S.L.P. 208.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na wifi yangu na binti yenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha na kwa kikohozi chake kwenye simu. Hamjambo? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Kile kifua chako cha mwaka jana kimetulia? Na wifi, mguu alioutegua kwenye ngazi umepona sawasawa, au anauficha kama kawaida yake? Niambie ukweli, maana nyinyi mkiwa huko hata mafua yenu tunayapima kwa sauti.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Baba anakula na kulala. Mkono wa kulia bado umegoma, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayeshuka ngazi asiyoijua, lakini yanatoka. Nesi wa zahanati alimpima presha Jumatano akasema ni nzuri kuliko yake yeye nesi. Mimi ni mzima. Cherehani ni nzima pia, nimeibadilishia mkanda. Paa la baraza linavuja palepale panapovuja kila mwaka, na beseni nimeliweka palepale.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu una kicheko. Nikianza jambo zito unacheka, "Dada wewe, hujaacha tu!", nami nacheka, na tukimaliza kucheka jambo langu limeshaingia uvunguni. Nakufahamu tangu ulipokuwa unavunja vikombe na kumsingizia paka. Tulikuwa hatuna paka. Kwa hiyo leo utasoma mpaka mwisho, na ukitaka kucheka utacheka peke yako.

Jambo lenyewe ni hili. Kile chumba changu cha kushonea kinachotazama mtaa unakikumbuka: meza ya kukatia, cherehani, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kujaribia nguo. Nyuma ya posta wamefungua hoteli, na wahudumu wa ndege wanalala hapo wakisubiri safari ya kurudi. Basi wameanza kuniletea sare zao. Zipu imekwama, kifungo kimetoka, sketi imebana. Ijumaa ya wiki iliyopita asubuhi akaja mmoja, dada mrefu mwenye sauti ya kutangaza hata akiomba maji, na sketi ya buluu iliyomkaba kiunoni. Akaniambia, "Fundi, nitolee kidogo hapa. Chakula cha angani kinanenepesha."

Nikampandisha kwenye kigoda, nikaanza kubana pini. Kwa kuongea tu nikamuuliza ametoka wapi. Akataja jiji lako.

Pini zilikuwa mdomoni, nikazitema mkononi ili nimpe pole vizuri. Nikamwambia, "Pole sana mwanangu. Saa thelathini na moja, na bado umesimama?"

Akacheka. Alidhani namtania.

"Thelathini na moja! Nani kakwambia hivyo, fundi? Kuja huku ni saa kumi na nusu. Kwenda hazifiki hata kumi, upepo unatusukuma. Jana asubuhi nilikunywa chai kulekule."

Nikamuuliza wanabadilishia wapi ndege. Akasema hawabadilishi. Ni ndege moja, inanyanyuka kwenu na kutua kwetu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nikamuuliza tangu lini. Akahesabu kwa vidole, akasema huu ni mwaka wa tano, yeye mwenyewe alikuwamo kwenye safari ya kwanza, na abiria wote walipewa keki.

Mwaka wa tano, mdogo wangu. Watu wamekula keki.

Niliendelea kubana pini kwa sababu mikono imezoea. Alipovua sketi nikaona nimeweka alama za chaki upande wa nje wa kitambaa, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanafunzi. Alipoondoka nilifunga mlango, nikageuza kile kibao cha "Nipo, piga hodi", nikakaa chini ya meza ya kukatia. Ndiyo, chini. Kwenye kiti niliona watu wa mtaani wataniona. Nikakaa na mabaki ya vitambaa nikahesabu miaka.

Sikuonei. Ulipoondoka miaka kumi na moja iliyopita ilikuwa kweli. Ndege tatu, saa tisa za kusubiri kwenye viti vya chuma katika kiwanja cha kwanza, saa tano katika cha pili. Ulitupigia ulipofika, sauti imekauka, ukasema, "Saa thelathini na moja, dada, nimehesabu." Nilikaa na saa ya ukutani tangu ulipoondoka mpaka ulipofika, siku mbili sikushona hata pindo. Namba ile tukaiweka moyoni kama tarehe ya kuzaliwa. Mtu akiuliza habari zako, baba anasema mwanangu yuko vizuri, nami naongeza, lakini ni mbali, saa thelathini na moja.

Kisha safari ikafupika na wewe ukabaki na namba ileile. Hukutudanganya siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Ungetudanganya siku moja ningesema shetani kakupitia. Wewe uliacha uongo ujikalie wenyewe, mwaka baada ya mwaka, na kila tulipousema mbele yako hukutusahihisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako umeirefusha kwa saa ishirini na nusu.

Na mimi mjinga nikakusaidia. Unaikumbuka ramani ya dunia ya baba, ile ya ukutani sebuleni? Mwaka ule wa kwanza nilichukua utepe wangu wa kupimia, nikaunyoosha kutoka nukta yetu mpaka nukta yenu, nikasoma kipimo chini ya ramani, nikapata zaidi ya kilomita elfu kumi. Nikatangaza nyumba nzima. Baba alikuwa kwenye kiti chake, akanitazama, hakusema kitu. Nilidhani ananisifu kimoyomoyo. Kumbe dunia haipimwi hivyo. Yule dada wa ndege aliponieleza kwamba wanapanda kaskazini kwanza na kushuka, kama upinde, na kwamba njia hiyo ya kupinda ndiyo fupi, nilitaka kujipiga kofi. Mimi, ninayezungusha utepe kwenye viuno na vifua vya watu kila siku ya Mungu, niliipima dunia kama kanga iliyotandikwa mezani! Kilomita zenyewe ni elfu nane na mia moja na kidogo. Rubani huwatangazia.

Sasa nikurudishe kwenye mwaka ule. Najua unajua ni upi.

Baba alipopata kiharusi, miaka mitatu na nusu iliyopita, sikukuuliza kwa nini hukuja mara moja. Tulikuwa hospitali, nilikuwa na mengi ya kufanya, na wewe ulikuwa mbali. Miezi mitano baadaye ndipo ilikuja ile barua ya chuo cha ushonaji. Fundi mkuu wa ukataji alikuwa ameliona koti nililomshonea daktari, akaulizia nani kalikata, akaniandikia. Wiki sita za kujifunza ukataji wa makoti na suti, na anayefanya vizuri wanambakisha kufundisha. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nilikuwa nimeshona sare za shule na mapazia tangu nilipokuwa na kumi na tisa. Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Shangazi alikubali kukaa na baba. Tatizo lilikuwa moja tu: alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama na kunyanyua kwa siku kumi. Siku kumi, mdogo wangu. Mtu mmoja wa kumnyanyua baba kitandani kwa siku kumi. Nikakupigia. Likizo yako ilikuwa siku ngapi? Kumi. Zilitoshana kama kifungo na tundu lake.

Nakumbuka ulivyojibu neno kwa neno, maana nilikuwa nimesimama kwenye baraza na beseni limejaa. Ulisema, "Dada, nne zinaishia njiani, kwenda na kurudi. Nitakayokaa ni sita, na siku ya kwanza nitakuwa maiti. Nitakusaidia nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka." Kisha ukasema unajisikia vibaya sana. Na mimi nikakubembeleza! Nikakwambia usijali mdogo wangu, nafasi zipo, Mungu hamtupi mja wake. Nilikata simu nikiwa nakuonea huruma wewe.

Wakati huo ndege ya moja kwa moja ilikuwa na mwaka na nusu ikiruka juu ya vichwa vyetu. Ungeondoka asubuhi, ungefika jioni ya siku hiyohiyo. Ungekuwa na siku tisa hapa. Hiyo moja iliyobaki ningemwomba jirani fundi bomba, ana mikono kama koleo.

Nafasi ile alipewa mwingine. Nilimwandikia fundi mkuu nikasema nina matatizo ya kifamilia. Sikudanganya.

Halafu kuna yule rafiki yako, yule wa kofia, aliyetuletea dawa za baba mwaka juzi. Hili ukilisoma naomba uone aibu polepole, usiharakishe. Alifika saa moja jioni, ametoka kwenu moja kwa moja. Nilikuwa nimemchemshia maji ya kuoga ndoo mbili, nimemtandikia kitanda changu, nimewaambia majirani wasipige redio kwa sauti kwa sababu kuna mtu hajalala siku mbili. Akaoga kwa adabu. Akalala kwa adabu, saa mbili usiku, mtu mzima mwenye nguvu zake! Mikono ya shati lake ilikuwa bado na mstari wa pasi. Mimi ni fundi, najua shati la saa thelathini na moja linavyokuwa: mgongo unakunjamana, kola inalainika, kwapa linasema lenyewe. Macho yangu yaliona, moyo ukayaambia nyamazeni. Sasa naelewa kwa nini asubuhi hakuweza kunitazama usoni alipokuwa ananishukuru. Ulimfundisha aseme nini? Au ulimwambia tu, ukifika kwetu, choka?

Ungesema hutaki kuja ningelia nikanyamaza. Ungesema unaogopa kumwona baba anaburuta mguu, yeye aliyekuwa anatembea kwenda shuleni mpaka tunamkimbilia nyuma, ningekuelewa kabisa. Mimi pia naogopa. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango wake nasikiliza kwanza. Ila mimi nalala chumba cha pili, siwezi kujificha nyuma ya bahari. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami nguo ndiyo kazi yangu na sikukiona.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimeshapanga nikufokee, nikusamehe, na baba asijue kamwe. Nilijiambia akijua itamuua. Ijumaa nzima na Jumamosi nzima nilimchekea, nikampa uji, nikamsomea gazeti, huku kifuani nimebeba mzigo huu peke yangu ili yeye asiubebe.

Jumapili mchana alikuwa kwenye kiti chake. Nilikuwa nafuta vumbi ile ramani na mkono ukagoma. Nikageuka nikamuuliza kama mtoto wa shule, "Baba, kutoka hapa mpaka kwa mwanao ni umbali gani hasa?"

Mwalimu wa jiografia miaka thelathini na mbili. Akasema, "Lete tufe."

Lile tufe lake la dunia liko kabatini, chini ya madaftari ya maandalio. Nikalipangusa, nikamwekea mapajani. Akanyoosha mkono wa kushoto kuomba utepe wangu. Akabana ncha moja kwa kidole gumba hapa petu, akaniambia nishike nyingine huko kwenu. Mimi nikaulaza utepe kama nilivyoulaza ukutani, upite katikati ya bahari. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kaza tu. Utepe utafute wenyewe." Nikakaza. Utepe ukateleza wenyewe juu, ukapanda kaskazini, ukatulia. Akasoma, akafunga macho kidogo akizidisha.

"Elfu nane," akasema. "Na mia. Saa kumi. Na kitu."

Mdogo wangu, niliuachia utepe. Nikamuuliza, "Umejua lini?"

"Redio. Walipoanza. Walitangaza."

Yaani tangu mwanzo. Tangu siku ya keki. Kabla ya kiharusi, kabla ya barua ya chuo. Baba alikuwa anajua, na kila niliposema saa thelathini na moja mbele ya wageni alikuwa ananisikia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alitaka useme mwenyewe. Hilo nililikubali, ni la baba kabisa. Hata darasani alikuwa hampi mtoto jibu. Lakini nikauliza tena, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Na mwaka ule wa mafunzo yangu? Uliponisikia namlilia kwenye simu kule barazani? Neno moja, baba. Ungesema neno moja angekuja."

Akalizungusha tufe kwa kidole. Nikadhani neno limemkwama, kama yanavyomkwama. Nikasubiri. Halikuwa limekwama.

"Angekuja, ungekwenda," akasema. "Ungekwenda... ungerudi kuchukua nguo zako tu. Niliogopa."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sijui nikueleze vipi. Wewe ulinidanganya, na wewe uko mbali, naweza kukuchukia nikiwa nashona na nikimaliza pindo nimekusamehe nusu. Lakini yeye nilikuwa namgeuza kitandani kwa mikono hii. Nilikuwa namwambia, "Usijali baba, mwanao angekuwa karibu angekuja," na yeye anaitikia kwa kichwa. Mlikuwa wawili, kila mmoja na sababu zake, bila hata kukubaliana, na mimi katikati nikiwatetea wote. Nimewatetea kwa majirani, kwa shangazi, kwa fundi mkuu. Hakuna aliyenitetea mimi.

Siku nne sikusema naye isipokuwa ya lazima. Chakula nilipika, laini kama anavyokula. Dawa nilimpa kwa saa yake. Shati lake nililifunga vifungo vyote saba kila asubuhi bila neno, na yeye anatazama juu ya kichwa changu. Kama hujawahi kumfunga mtu vifungo ukiwa umemkasirikia, basi huujui ukimya. Siku ya tano alisema, "Nilikosea." Nilimwambia nimesikia. Ndipo tulipofika mpaka sasa, hatujaenda mbele zaidi ya hapo.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya nikuandikie, maana sikukuandikia ili nilie tu.

Fundi mkuu ameniandikia tena. Anastaafu mwakani na anataka mtu wa kushika mkasi wake. Wiki sita, chuo kilekile, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni. Alisema hatauliza mara ya tatu, na kwa umri wetu sisi wawili namwamini. Barua yake ilifika Jumatatu, siku moja baada ya tufe. Ingefika wiki moja kabla, ningekupigia tena, ungecheka tena, na ningemjibu tena kwamba nina matatizo ya kifamilia. Safari hii nilimjibu palepale posta, nikiwa nimeegemea kaunta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba. Nimesema ninakuja.

Shangazi atakuwa na baba wiki nne za mwisho. Wiki mbili za kwanza hawezi, binti yake anajifungua na hana mwingine. Nimeuliza zahanati, hawana mtu wa kukesha nyumbani kwa wagonjwa. Jirani fundi bomba ameondoka na familia yake yote. Usihangaike kunitafutia mtu kwa simu, nimeshatafuta. Hizo wiki mbili ni zako.

Sikuulizi kama utakuja. Nakupa saa. Jumamosi tarehe 31 Mei ndege inaondoka kwenu saa nne na nusu asubuhi ya huko. Inatua hapa saa kumi na moja jioni ya hapa. Ukiitazama saa tu utadhani umesafiri saa sita na nusu, kwa sababu mko mbele yetu saa nne na unarudishiwa ukija nyumbani. Hilo pia hukutuambia. Kugongewa muhuri wa pasipoti na kuchukua sanduku, weka saa moja. Barabara kutoka kiwanjani, dakika arobaini, yule dada wa ndege ameniapia. Saa moja kasoro dakika ishirini uko mlangoni. Basi langu linaondoka saa nane mchana siku hiyohiyo, na nitakuwamo. Shangazi atakaa na baba mpaka saa moja kamili, kisha atachukua mkoba wake. Nimekupimia mwilini kabisa, sikuacha kitambaa cha ziada.

Dawa zake nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, za asubuhi juu, za jioni chini. Anaogeshwa akiwa amekaa. Ukimnyanyua mshike kwapa la kushoto, siyo mkono. Uji usiwe wa moto, hatasema kama unamuunguza. Usiku hupenda mlango wake uachwe wazi kidogo. Hayo mengine mtaelezana wenyewe, mna mengi ya kuelezana.

Barua hii anaibeba yule dada wa ndege jioni ya leo, ataitia posta kwenu akishatua. Uione ilivyofika haraka.

Nisalimie sana wifi. Sijui kama alikuwa anajua, na usiniambie. Nataka nibaki na mtu mmoja wa kumpenda bila hesabu. Mbusu binti yenu, mwambie ana babu anayejua miji mikuu yote ya dunia na bado anaweza kuitaja, ila asimharakishe. Shangazi anakusalimu, jicho limepona, anaona mpaka yasiyomhusu. Mzee jirani wa ghorofani anasema bado unadaiwa mechi ya drafti. Nesi wa zahanati naye anasalimu, ingawa hakujui.

Mungu akushike mkono ukiwa ardhini na ukiwa angani, akulainishie moyo, na akufikishe salama huko unakopaswa kufika.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata leo ambapo sikupendi.

Nyongeza: Sikutaka kuificha barua, nyumba hii imeficha ya kutosha. Nimempa baba aisome. Imemchukua tangu chakula cha mchana mpaka sasa saa tisa na nusu, na ukurasa wa tufe ameurudia mara mbili. Ameomba kalamu. Hapa chini ni mwandiko wake wa mkono wa kushoto, usidhani ni wa mtoto:

*Mwanangu. Mimi nipo tu. Njoo, dada yako aende.*